Njia 17 kwa Watu 200

Darasa la jioni linaanza saa 11:30, lakini kwa foleni za Dar es Salaam mwalimu anayejipenda hagusi jambo zito kabla ya saa 12. Siku ya kwanza ya muhula siandiki mada ubaoni, naandika swali. Kijiji kina watu 200 wenye simu. Katika ile saa ya jioni ambayo kila mtu anampigia ndugu yake, kila mmoja anaongea dakika 3. Mnara uwe na njia ngapi za mazungumzo ili katika kila simu 100 zinazopigwa zisikwame zaidi ya 2?

Wahasibu wanatangulia. Watu 200 mara dakika 3 ni dakika 600, saa moja ina dakika 60, jibu ni 10. Wahandisi wanachekea pembeni. Njia 10 zingetosha kama wanakijiji wangepanga foleni na kupokezana hewa kama wanavyopokezana ndoo bombani, mmoja akikata simu mwenzake anapiga sekunde hiyo hiyo. Watu hawapigi hivyo. Wanapiga kwa mkupuo, kisha kimya, kisha mkupuo mwingine. Jibu ni 17, na kanuni inayolitoa ilichapishwa mwaka 1917 na Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Mpaka leo kipimo cha wingi wa maongezi kinaitwa erlang, na kijiji changu cha ubaoni kina erlang 10.

Kisha naligawanya tatizo. Kijiji ni kile kile, ila sasa kina kampuni 2 za simu, kila moja na wateja 100. Kila kampuni itahitaji njia 10. Jumla ni 20, kwa watu wale wale na maongezi yale yale. Njia 3 zimeongezeka na hazimhudumii mtu yeyote.

Hapo mhandisi anasema wachangie mitambo. Mhasibu anauliza njia 3 ni shilingi ngapi, na mlinzi wa mnara analipwa na nani. Mwanasheria, maana kila mwaka huwa nampata mmoja au wawili, anauliza kama leseni inaruhusu, na kama Tume ya Ushindani haitasema hawa wawili wamekula njama. Mwaka mmoja kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya minara aliinua mkono akanisahihisha mbele ya wenzake: "Mwalimu, sisi tunawakodishia chuma, kiwanja na umeme tu. Njia kila mmoja anapandisha zake. Hizo 3 bado zinapotea." Alikuwa sahihi. Kukaa kwenye mnara mmoja si kutumia njia kwa pamoja, na tangu siku ile sehemu hiyo naifundisha kwa maneno yake.

Nimeanza na kijiji hiki kwa sababu naulizwa mara kwa mara, na wazazi na vijana waliomaliza shahada ya kwanza, kama shahada ya uzamili katika usimamizi wa mawasiliano ya simu ina maana yoyote au ni karatasi ya kupandia cheo. Jibu langu ni kwamba ina maana pale tu mhandisi, mhasibu na mwanasheria wanapolazimika kukaa meza moja, na kesi iliyo mezani iwe ya hapa kwetu. Bila hivyo ni MBA iliyovalishwa fulana ya kampuni ya simu.

Gharama ya kuikosa meza hiyo naijua. Nilipokuwa mhandisi kijana katika kampuni moja ya simu, niliandika dokezo la kurasa 11 kuomba njia ya pili ya mkongo kwenda mkoa mmoja. Lilikuwa na michoro ya rangi na vipimo vya upotevu wa mwanga kwa kila kilomita. Mkurugenzi wa fedha alilisoma lote nikiwa nimekaa mbele yake, kisha akauliza: "Hii iliyopo ikikatika, tunapoteza shilingi ngapi kwa saa?" Sikujua. Nilijua tunapoteza desibeli ngapi. Dokezo likarudi kwenye faili. Miezi michache baadaye katapila la mkandarasi wa barabara liliuchimbua ule mkongo, mkoa ukakaa kutwa nzima bila mawasiliano, na hata baada ya hapo hakuna aliyeweza kuniambia hasara ilikuwa kiasi gani. Waliokuwa na hesabu za mapato hawakujua mkongo unapita wapi. Sisi tuliojua unapopita hatukuwahi kuziona hesabu.

Wazee wa Posta na Simu hawakuihitaji shahada hii. Chuo chao kilikuwa Nairobi tangu 1948, kikipokea vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Leo ni Multimedia University of Kenya. Mtu aliingia akiwa fundi wa nguzo na waya, akastaafu akiwa meneja wa mkoa, na katikati hapo hakuna aliyemuuliza habari za bei. Bei ilipangwa juu, mshindani hakuwepo, na aliyetaka simu alijaza fomu akasubiri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na shirika lake lenye tabia zile zile. Tanzania ililigawa la kwake mwaka 1994, simu upande wake na posta upande wake. Kenya ilifanya hivyo mwaka 1999. Watu waliolala wakiwa watumishi wa shirika waliamka wakiwa wafanyabiashara, na wengi hawakuambiwa.

Marekani mshtuko huo uliwafikia mapema zaidi, na vyuo vyao viliuona. University of Colorado pale Boulder ilianzisha programu yake ya mawasiliano mwaka 1971 ikichanganya uhandisi, uchumi na sheria. Tarehe 1 Januari 1984, baada ya kesi ndefu, AT&T iliachia huduma zake za simu za ndani, zikaundwa kampuni 7 za kanda. Kazi iliyokuwa imeandikwa kwenye leja moja sasa ilibidi watu waandikiane ankara. Fikiria mameneja waliokuwa ofisi jirani, wanaosalimiana asubuhi kwenye lifti, wakianza kudaiana kwa kila dakika. Shahada za usimamizi wa simu zilipata wateja hapo.

Na sisi tulipata wakati wetu kama huo. Sheria ya kuunda TCRA, mdhibiti wetu wa mawasiliano, ilipitishwa mwaka 2003, na mwaka 2005 Tanzania ikaanza kutoa leseni za aina 4: miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma za matumizi na huduma za maudhui. Maana yake mwenye mnara si lazima awe mwenye mteja. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na ukitaka kuuelewa utahitaji uhandisi na sheria kwa pamoja. Nimewasaili wahitimu wengi wa uzamili wa biashara ambao hawawezi kunitajia leseni hizo, ingawa wanakuchorea matriki ya Boston wakiwa wamefumba macho.

Sasa niingie kwenye kiini. Biashara ya simu ina tabia moja ambayo somo la kawaida la biashara haliigusi: mshindani wako ndiye anayekumalizia kazi. Muuza chipsi hamhitaji muuza chipsi wa jirani ili mteja wake ashibe. Kampuni ya simu inamhitaji. Mteja wangu akimpigia mtu wa mtandao mwingine, ni mtandao ule unaoifikisha simu sikioni mwa anayepigiwa, na kwa kila dakika unanitoza. Hiyo ndiyo gharama ya mwingiliano wa mitandao. Mwananchi haioni kwenye risiti yoyote, na kwa miaka mingi ndiyo iliyoamua aweke laini ngapi mfukoni.

Kuanzia Machi 2013 kiwango cha TCRA kilikuwa shilingi 34.92 kwa dakika. Chukua kampuni ndogo inayotaka kuvutia wateja kwa kuuza dakika kwa shilingi 30 kwenda mtandao wowote. Simu zake nyingi zinakwenda nje, kwa kuwa watu wengi wako kwenye mitandao mikubwa. Kila dakika inayotoka inaitia hasara ya shilingi 4.92 kabla haijanunua hata lita moja ya dizeli. Kampuni kubwa haina shida hiyo. Wateja wake wanapigiana wenyewe kwa wenyewe, pesa inazunguka ndani ya nyumba. Basi inauza dakika za ndani kwa bei ya kutupa na za nje kwa bei ya kukomoa, na mteja naye anajiongeza: ananunua simu ya laini 2, mara nyingine anatembea na 3. Laini ya pili kwenye kitochi cha mama muuza samaki pale Feri ilizaliwa na ile 34.92.

Kiwango kilishuka polepole hadi 26.96 mwaka 2017, kisha kikaporomoka: 15.60 mwaka 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021 na shilingi 2 mwaka 2022. Angalia vifurushi vya miaka hiyo utaona "dakika za mitandao yote" zikihama kutoka kwenye vifurushi vya wakubwa kuja kwenye vya watu wa kawaida. Wengi walidhani kampuni zimeingiwa na huruma.

Kenya ni kesi yenye damu zaidi. Mwaka 2010 mdhibiti alikata kiwango kutoka shilingi 4.42 za Kenya hadi 2.21. Zain, ambayo mwaka ule ule iliingia mikononi mwa Bharti Airtel ya India, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 na vita vikaanza. Ngazi iliyofuata ya punguzo ikacheleweshwa. Kiwango kikaja kutua kwenye 0.99 na kukaa miaka. Mwishoni mwa 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kuwa kuanzia 1 Januari 2022 kitakuwa 0.12. Safaricom ikakimbilia baraza la rufaa, na Agosti 2022 pande zote zikaishia kwenye 0.58. Machi 2024 kikashuka hadi 0.41.

Kesi hii naipa jioni 2 nzima. Kati ya 0.12 na 0.58 kuna karibu mara 5, na tofauti hiyo haikutokana na mtu kukosea kujumlisha. Gharama ya dakika moja ya simu ni kitu kinachotengenezwa mezani. Unachukua gharama za kampuni iliyopo, pamoja na uzembe wake, au za kampuni ya kufikirika inayoendeshwa vizuri? Masafa uliyolipia serikalini yanaingia kwenye hesabu? Mnara unahesabiwa kuishi miaka 15 au 20? Je, unahesabu kile tu kinachoongezeka kwa ajili ya simu za wageni, au na sehemu ya mshahara wa mkurugenzi? Kila jibu linahamisha senti, na senti hizo ukizizidisha kwa mabilioni ya dakika zinanunua kampuni. Mara ya mwisho nililigawa darasa pande 2, mdhibiti na kampuni kubwa, kila upande na jedwali lake. Saa 3 usiku mlinzi alikuja kutufungia milango, wakaendelea kubishana kwenye maegesho.

Kinachoniuma ni kwamba jedwali lenyewe huwa tunaletewa. Kenya ilipotaka kuchunguza ushindani katika soko lake la simu, kazi ilipewa Analysys Mason, kampuni ya washauri yenye makao yake London. Sina ugomvi nao, wanaijua kazi. Lakini mtu wa kwetu anayeweza kuufungua mfumo wao wa hesabu, akanyoosha kidole kwenye mstari mmoja na kuuliza "hii miaka 15 mmeitoa wapi?", huyo ndiye shahada hii inapaswa kumtoa. Hata akipatikana mmoja katika kila darasa, ada ya wote imelipa.

Tabia ya pili ya biashara hii ni kwamba malighafi yake ni ya kukodi kwa serikali. Masafa ya 700 MHz yanatembea mbali na kupenya kuta, ndiyo maana kila mmoja anayataka kwa vijijini. Ya 3500 MHz yanabeba mzigo mkubwa lakini yanachoka haraka, ni ya mjini. Oktoba 2022 mnada wa TCRA uliingiza zaidi ya dola milioni 187. Ni nyingi au kidogo? Mwanafunzi asiyeweza kukadiria mteja mmoja atamletea kampuni shilingi ngapi katika maisha ya leseni hawezi kujibu, na makosa ya swali hili ni ghali. Mwaka 2000 Uingereza iliuza leseni 5 za 3G kwa pauni bilioni 22.47, katika mnada uliosanifiwa na wachumi ambao kwanza walijiuliza swali la kijanja: tukiuza leseni 4 kwa kampuni 4 zilizopo, nani atashindana? Wakaongeza ya tano na kutenga moja kwa mgeni. Miezi michache baadaye Ujerumani ikavuna zaidi ya euro bilioni 50. Mmoja wa washindi wa Ujerumani, Quam, alilipa zaidi ya euro bilioni 8 na mwaka 2002 akafunga biashara bila kuwasha mtandao wake wa 3G. Pesa zile hazikurudi.

Turudi kijijini. Watu 200 walihitaji njia 17. Sasa watawanye kwenye vitongoji 10 vilivyo mbali, kila kimoja watu 20, kila kimoja na mnara wake. Kitongoji kimoja kina erlang 1, na kwa kanuni ile ile kinahitaji njia 4. Vitongoji 10 vinahitaji 40. Gharama ya kumhudumia mtu imezidi mara 2 na bado hatujazungumzia barabara ya kufikisha chuma, betri za sola, wala lile daftari la mnara lenye kurasa zilizolowa mafuta, ambamo mlinzi anaandika kila asubuhi dizeli imefika wapi kwenye kijiti cha kupimia. Nimeyasoma madaftari hayo. Kuna minara ambayo jenereta lilikunywa zaidi siku lilipokuwa limezimwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kampuni za simu haziendi vijijini kwa uroho, namwambia uroho upo, ila hata mtakatifu angeshindwa hesabu hiyo. Ndiyo sababu sheria ya 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Mei 2023 zilisainiwa Dodoma hati za kujenga minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya serikali ya shilingi bilioni 126. Ukigawanya ni wastani wa shilingi milioni 166 hivi kwa mnara. Hapo ndipo nampa mwanafunzi karatasi tupu. Ruzuku hiyo ingeshindaniwa vipi ili mwenye kuhitaji kidogo ndiye apate? Mnara ukizimika mwaka wa tatu kwa kukosa dizeli, mkataba unasema nini? Na je, serikali inayolipia mnara isimlazimishe mwenye mnara kuwabeba wateja wa mitandao mingine juu ya njia zile zile, ili zile 3 za ubaoni zisipotee? Bado sijapata insha moja iliyojibu yote 3 vizuri.

Mikataba wanafunzi wanaidharau mpaka siku ya siku. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota karibu Afrika Mashariki yote kwa sababu mikongo 2 ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Aliyekuwa amenunua EASSy kama njia kuu na Seacom kama akiba alikuwa na wauzaji 2 na ankara 2, na siku ile alikosa vyote. Ramani ya chini ya bahari haikuwa kiambatisho cha mkataba. Nililikumbuka dokezo langu la kurasa 11, maana hata kama lingepita, sikuwa nimeandika kwamba njia ya pili isipite kando ya barabara ile ile.

Pesa za kwenye simu nazo tunazifundisha vibaya. Vyuo vya nje vimeifanya M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007, kuwa hadithi ya mafanikio ya kusimuliwa darasani, na sisi tunaiagiza hadithi hiyo tukiwa tumekaa hatua 20 kutoka kwa wakala. Mwambie mwanafunzi akakae kibandani siku nzima ya mwisho wa mwezi. Asubuhi watu wanatoa, noti zinaisha. Jioni wenye maduka wanaweka, floti inaisha. Wakala anapoteza nusu ya kamisheni yake akiwa kwenye bodaboda kwenda benki. Yote ni usimamizi wa mawasiliano, ila haimo kwenye slaidi. Tena kuna jambo la kwetu ambalo dunia ilikuja kulitazama: mwaka 2014 kampuni za Tanzania zilianza kukubaliana wenyewe kwa wenyewe kurushiana pesa kati ya mtandao na mtandao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kwa dakika za maongezi ilibidi mdhibiti aingilie na kupanga kiwango. Kwa pesa wakaafikiana mezani. Kwa nini kwenye pesa imewezekana na kwenye dakika ikashindikana? Nina maoni yangu, lakini swali hilo ni tasnifu nzuri na nimelitoa bure kwa miaka 4. Hakuna aliyelichukua.

Nifike kwenye tasnifu basi, kwa kuwa ndiko shahada zetu zinakovuja. Nimesahihisha lundo, na ningekuwa nalipwa kwa kila kichwa cha habari kinachosema "Mchango wa Ubora wa Huduma katika Kuridhika kwa Wateja: Uchunguzi Kifani wa Kampuni Fulani" ningekuwa nimemaliza nyumba. Hojaji 100, wengi waliojibu ni wafanyakazi wenzake, grafu za duara, na hitimisho kwamba huduma ikiwa bora wateja wanaridhika. Mwandishi anapata joho na hajawahi kuifungua taarifa ya hesabu ya kampuni yoyote ya simu. Kosa si la mwanafunzi peke yake. Hojaji ni rahisi kusimamia, na mhadhiri asiyewahi kusoma uamuzi wa mdhibiti hawezi kumtuma mtu akausome.

Wakati huo huo maabara iko wazi nje. Julai 2021 serikali ya Tanzania iliweka tozo kwenye miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa. Wananchi wakarudi kutuma pesa kwa konda wa basi. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Ni nadra mwanauchumi kupata jaribio la bei la nchi nzima lenye tarehe ya kuanza na tarehe za kubadilishwa. Ningetarajia tasnifu 10 juu yake. Kwenye meza yangu ilifika moja, nayo ilikuwa ya hojaji.

Kama mtaala ungekuwa mkononi mwangu ningefuta nusu ya masomo ya uongozi na mikakati, ambayo mtu anaweza kuyasoma kitandani. Ningeweka somo la msongamano na gharama, la lazima kwa wote, mwanasheria pia. Ningeweka somo la leseni na mashauri ya rufaa, na mhandisi asiruhusiwe kulikwepa. Ningewaita walioketi kwenye meza za mwingiliano, wengi wamestaafu na wanaangalia kuku tu huko Kibaha, waje wasimulie yaliyosemwa chumbani. Na nisingempokea mtu ambaye hajafanya kazi miaka 3, popote pale, hata dirisha la kusajili laini. Mtu aliyewahi kutukanwa na mteja kwa sababu ya bando lililoyeyuka anasoma kanuni za ubora wa huduma kwa jicho jingine.

Kwa kijana ambaye fomu ya maombi iko mbele yake: kabla hujalipa ada, nenda maktaba ya chuo hicho, omba tasnifu 5 za mwisho za programu hiyo, na utazame kurasa za nyuma walikotoa data zao. Kama zote 5 zina hojaji, kaa na pesa yako kwanza. Vodacom Tanzania iko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2017 na Safaricom iko kwenye la Nairobi tangu 2008, kwa hiyo hesabu zao za kila mwaka ni za umma. TCRA inatoa takwimu kila robo mwaka, na maamuzi ya gharama za mwingiliano yamechapishwa na tarehe zake. Kuyasoma yote hayo hakuhitaji barua ya utambulisho, na wala hakuna ada.